Namna ya Kumfunga Bi Arusi

Bakari amenitumia sauti kwenye simu kutoka Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Anasema huko mmemfunga Bi Arusi kwa hatamu, chuma kikiwa bado mdomoni, kwenye mlango wa gari la tajiri, kisha mkaenda kunywa chai. Niliisikiliza nikiwa nafua nepi, nikarudia kuisikiliza kwa sababu sikuamini. Mlango wa gari. Gari ni kitu kinachoondoka, jamani. Na hatamu ni ya kuongozea farasi, si ya kumfungia. Akivuta, chuma kile kinampasua ulimi. Bahati yenu hakuvuta. Na hakuvuta kwa sababu kuna mtu alihangaika naye hapa kabla hamjamjua, mtu huyo ni mimi, na nimekasirika.

Mimi nimestaafu. Hapa Quitunda, karibu na Palma, wanacheka wakilisikia neno hilo, maana wastaafu wanaowajua wana mvi na fimbo, na mimi nina mtoto anayenyonya. Wananiita mama reforma, yaani mama mstaafu. Wacha wacheke. Kazi yangu imehama, mimi nimebaki, na sijui jina jingine la hali hiyo. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi vijana mliompokea farasi wangu. Mishahara na vyeo sitavitaja. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara ulikuwa unaijua njia ya kutoka bila kuonyeshwa.

Nilimaliza darasa la kumi Palma nikitegemea kazi ya ofisini, kwenye kile kiti kinachozunguka. Nikapata kazi ya kufua kwenye hoteli ya ufukweni. Nilifua shuka, na baada ya shuka wakaniletea matandiko ya farasi, vitambaa vizito vinavyonuka jasho la mnyama, vilivyojaa nywele. Wenzangu wa dobi walivishika kwa ncha za vidole. Mimi nilivipeleka mwenyewe bandani vikikauka, kwa sababu nilitaka kumwona huyo anayetoa jasho jingi hivyo. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha eskola tu, na kitabuni alikuwa mdogo.

Siku ya kwanza alinikanyaga. Si kwa ubaya. Aliweka mguu palipokuwa na nafasi, na mguu wangu ulikuwa hapo hapo. Nilikuwa nimevaa kandambili. Tangu siku hiyo sikuingia bandani bila viatu vya kufunika, na nikisikia yeyote kati yenu anaingia na kandambili, basi huyo hanihusu, atafundishwa na kwato.

Aliyekuwa mkubwa wa banda ni Zeferino, Mmakonde wa Mueda, aliyefanya kazi ya farasi kule Manica tangu ujana wake, na hakuna mtu aliyekaa naye muda wa kumeza mate bila kuambiwa hivyo. Alivaa kofia ya ngozi, akaitunza kuliko meno yake. Sote tulimwita mestre, yaani fundi mkuu, na yeye alipenda. Maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa haya:

"Nani kakwambia usimame huko nyuma?"

"Hakuna, mestre."

"Huko ni nyumbani kwa mguu wake. Hujakaribishwa. Njoo begani. Hapa anakuona, na akitaka kukupiga itabidi afikirie kwanza."

Akanipa brashi. Akaniambia nianze shingoni nishuke, na mkono mmoja ubaki juu ya mwili wa mnyama muda wote, ili asijiulize uko wapi. Farasi aliyenipa alikuwa dume mzee, mpole, tumbo kubwa, jina lake Padri. Jina hilo alipewa na Zeferino, ambaye ni Mkristo, kwa hiyo msinilaumu mimi. Padri alinusa kilemba changu, akapumua kwa nguvu, akaegemeza kichwa kifuani kwangu. Mwezi uliofuata sikuwa tena mtu wa dobi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi ngumu na brashi laini. Kile chuma cha kuchokolea mchanga kwenye kwato. Kabrestu, yaani ile mikanda ya kichwa isiyo na chuma mdomoni, na hiyo ndiyo ya kufungia farasi, hiyo tu. Kamba ya pamba, nene, isiyounguza kiganja. Na kisu kiunoni. Wageni wakikiona kisu walikuwa wananisogelea kwa adabu, na hilo halikunichukiza, lakini kisu kilikuwa cha kukata kamba siku mambo yakiharibika. Leo niulize: nani kati yenu ana kisu kiunoni? Bakari peke yake. Najua.

Sasa Bakari. Bakari ni mvuvi wa Mucojo. Vurugu zilipomtoa kwao, akaja huku na mke, watoto na mikono yake, na mikono hiyo haijui kufunga kitu kikafunguka. Zeferino aliona mafundo yake siku ya kwanza akaanza utani.

"Nyinyi wa pwani mnafunga kila kitu kama vile maji yatakuja kukichukua."

"Na nyinyi wa juu hamfungi kitu," Bakari akamjibu, "ndiyo maana mbuzi wenu wanaishi kwenye mihogo ya jirani."

"Mbuzi wangu anakula. Mashua yako inakula?"

"Mashua yangu ilinilisha, mestre. Heshima kwa marehemu."

Wakawa hivyo kutwa nzima, na ukiwasikia kwa mbali utadhani wanagombania urithi. Lakini chini ya utani ule kulikuwa na jambo la kweli, nasi hatukuliona mpaka lilipotutokea. Mashua unaifunga ili isiondoke. Kadiri bahari inavyoivuta, fundo linakaza zaidi, na hapo ndipo mvuvi analala usingizi. Farasi unamfunga ili akae, lakini fundo lake lazima likubali kufunguka wakati ule ule anapovuta kwa nguvu zote. Zeferino alituonyesha fundo hilo, alikuwa analiita fundo la mkono mmoja. Unapitisha kamba nyuma ya nguzo, unatengeneza kitanzi, unaingiza mkunjo wa kamba ndani ya kitanzi, si ncha, mkunjo, unakaza. Ncha inabaki inaning'inia. Ukiivuta kwa mkono mmoja, kamba yote inaachia. Mimi nililipenda kwa sababu mkono wangu wa pili mara nyingi ulikuwa na mtoto. Bakari alilifunga vizuri mbele ya mestre. Lakini peke yake, mikono yake ilirudi Mucojo.

Bi Arusi alikuja kwa lori, farasi jike, rangi ya chai ya maziwa, mwembamba. Dereva alikuwa amemfunika macho kwa kapulana nyekundu, khanga ya huku kwetu, ili asiyaone magari njiani. Akashuka kwenye ubao taratibu, uso umefunikwa, anaongozwa mkono kwa mkono, hajui anakwenda kwa nani. Wanawake wa dobi wakampigia vigelegele. Jina lilianzia hapo. Kwenye karatasi zake aliitwa jina la kizungu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, hata yeye hakuliitikia.

Bakari akampokea akamfunga kwenye geti la chuma la banda wakati anakwenda kuchota maji. Alifunga fundo zuri sana, na tatizo lote lilikuwa humo. Upepo ukainua kipande cha bati kilichokuwa kimelegea juu ya paa, bati likapiga, Bi Arusi akarudi nyuma. Kamba ikamzuia kichwani. Farasi akizuiwa kichwani anapoogopa, hafikirii kamba, anafikiri ameshikwa na simba. Akavuta kwa mwili wote. Fundo likakaza. Bakari akadondosha ndoo akakimbilia fundo, halikukubali kucha wala meno. Geti likang'oka bawabani. Bi Arusi akaondoka nalo.

Mmewahi kuona farasi anakimbizwa na geti? Kila akikimbia geti linamfuata, linampiga miguu, linapiga kelele, naye anazidi. Alizunguka uwanja mpaka geti likanasa kwenye mnazi, na Zeferino alipomfikia akakata kamba, farasi akamtupa ubavuni mwa banda. Bega la mestre likatoka mahali pake. Nyuma ya masikio ya Bi Arusi ngozi ilichubuka mpaka nyama ikaonekana. Bakari alisimama pale na ndoo tupu.

"Fundo langu halikufunguka," akasema.

"Tumeona," Zeferino akamjibu akiwa chini, kashika bega. "Hongera."

Vidonda vilipona. Kamba haikupona. Ilikuwa ukimshika Bi Arusi kwa mkono, anasimama kama mtu mwema. Ukiipeleka kamba karibu na nguzo, hata kwa kupita tu, anainua kichwa, macho yanakuwa meupe, makalio yanashuka kama anataka kuketi, na hapo jiondokee. Tukazoea kumshika kila wakati, wakati wa kumpiga brashi, wa kwato, wa tandiko. Watu wakasema farasi mbaya. Mimi neno hilo silitaki. Alifungwa vibaya akaogopa, na akikumbuka mnamwita mbaya. Mngemfunga jerente, meneja wa hoteli, kwenye geti tuone atakuwa mzuri namna gani.

Jerente wetu hakuwa mtu katili, niseme ukweli. Alikuwa mtu wa haraka. Ilipoamuliwa kwamba hoteli inafungwa na farasi wote wanahamishiwa Pemba, alitukusanya uwanjani akasema lori litakuja siku barabara ikiwa na msafara wa askari. Ndani ya lori kila farasi atafungwa kwenye chumba chake. Kisha akamtazama Bi Arusi.

"Huyo asipokubali kufungwa, hapandi. Atavunja lori na kuua wenzake njiani. Na kumwacha hapa afe njaa siwezi. Mnanielewa? Atapigwa risasi, haraka, bila maumivu."

Bakari aliangalia mikono yake.

"Mpeni nguzo nene na kamba nene," jerente akaendelea. "Mwacheni apigane mpaka achoke. Atajifunza."

"Atajifunza nini?" nikamuuliza.

"Kwamba hawezi kushinda."

"Farasi aliyekata tamaa hajatulia, bosi. Na kabla hajakata tamaa atavunja shingo."

"Basi mfundishe wewe, senhora professora," akasema, akaenda zake kwenye simu. Akadhani amenitania. Mimi niliichukua kama ruhusa.

Zeferino alikuwa na mkono kwenye kitambaa, hawezi kushika kamba. Akaleta kiti cha plastiki akaketi kivulini mwa banda, kofia kichwani, kazi yake ikawa kunitukana. Nilifungia mtoto mgongoni kwa mbeleko, Shamila wangu, wakati ule hajaanza kutambaa. Msiniambie ni hatari, najua ni hatari. Kwenye hatua za hatari nilimfungua nikampa Zeferino kwenye mkono mzima, na alikuwa akimwimbia nyimbo za Kimakonde zisizofaa kwa mtoto.

Sikuanza na nguzo. Nilianza na kabrestu na kamba, uwanjani, mchanga laini, hakuna kitu karibu. Nilivuta kamba kidogo sana kuelekea mbele, nikabaki nimeshika hivyo hivyo, siongezi, sipunguzi. Bi Arusi akakaza shingo. Nikangoja. Akafikiri. Akasogeza kichwa mbele upana wa vidole, na mimi nikalegeza saa ile ile. Basi. Tukarudia. Kushoto, kulia, chini. Akikaza nangoja, akikubali nalegeza.

"Unambembeleza," Zeferino akasema.

"Ndiyo."

"Nauliza tu. Nilidhani unamfundisha."

Lakini baadaye, Shamila alipojinyoosha mgongoni akalia na kujikaza kama ubao, nikalegeza mbeleko kidogo, nikamtikisa, akalegea, nikafunga upya. Nikainua macho nikaona mestre ananitazama. "Aa," akasema. "Kumbe unajua kufunga. Pwani nzima wanaume hawajui, wanawake wanajua." Bakari alikuwa karibu akasikia, akanuna mpaka chakula cha mchana. Nami ndipo nilipojua ninachofanya. Mtoto anakubali kufungwa mgongoni kwa sababu nguo inambana na inampa nafasi kwa pamoja, na kwa sababu mgongo ule anaujua. Bi Arusi alikuwa amebanwa tu.

Alipokuwa anakubali kamba pande zote, tukasogea nguzoni. Nguzo nzima iliyozikwa ndani sana, si geti, si ubao wa uzio, si mlango wa gari. Urefu wa jicho lake au juu zaidi. Ukimfunga chini anapata nguvu ya kurudi nyuma na mguu unapita juu ya kamba. Padri tukamfunga upande wa pili, ale nyasi, amwonyeshe kwamba nguzo ni mahali pa kusinzia. Kamba ya Bi Arusi sikuifunga. Niliizungusha tu kwenye nguzo, ncha ikawa mkononi mwangu, ndefu. Siizungushi mkononi. Narudia kwa wale wasiosikia: kamba ya farasi haizungushwi mkononi wala kidole hakiingii kwenye kitanzi, kama unavihitaji vidole vyako.

Akavuta. Kamba ikateleza kwenye nguzo, inamzuia kidogo na inampa kidogo, kama mtu anayebishana kwa upole. Akarudi nyuma hatua, hatua, halafu akashangaa. Simba hakuwepo. Nikamrudisha mbele polepole, nikampiga brashi shingoni, nikamwondoa nguzoni kabla hajachoka. Kila siku hivyo, kidogo kidogo. Kuna siku tulirudi nyuma kuliko tulikoanzia. Kuna siku nilitaka kumpiga, nikampa Bakari kamba nikaenda kulia nyuma ya pipa la maji, nikarudi nimenawa uso.

Bakari alikuwa ananisaidia bila kuombwa. Alifagia kila kitu kinachoweza kupiga kelele, akapigilia mabati misumari mipya. Kisha akaketi mahali alipodhani hatumwoni, na kipande cha kamba, akafunga fundo la mkono mmoja, akafungua, akafunga, akafungua. Nilimwona. Sikumwambia kitu, na nyinyi msimwambie kwamba nimewaandikia.

Halafu helikopta ikaja. Huku kwetu zinapita sana, lakini hii ilipita chini kabisa, juu ya paa, na mchanga ukainuka. Padri mwenyewe aliacha kula. Bi Arusi alikuwa nguzoni, kamba imezungushwa, mimi nimeshika ncha. Akarudi nyuma kwa nguvu ile ile ya siku ya geti. Niliifungua mikono kamba ikapita, ikapita. Ikabaki ncha tu. Na pale, kamba ikiwa bado haijaisha, akasimama. Anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka kifuani. Hakuna aliyemvuta. Helikopta ikaishia upande wa bahari.

"Usimguse," Zeferino akasema kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia na sauti ndogo. "Ngoja."

Nikangoja. Bi Arusi akalamba midomo. Akainamisha kichwa, akanusa kamba mbele yake, akapiga hatua moja mbele, mwenyewe, kuielekea nguzo. Kisha nyingine. Kamba ikalegea. Akaweka pua begani kwangu, pale mbeleko inapopita, akapumua. Shamila alikuwa kwa Zeferino, kwa hiyo nililia bila kumtisha mtu.

Baada ya siku hiyo tukafunga kweli. Kwenye nguzo tulizungusha uzi wa katani, ule wa kushonea magunia, na kamba ikafungwa kwenye uzi kwa fundo la mkono mmoja. "Siku ya hofu lazima kitu kikatike," Zeferino alisema. "Chagua mwenyewe kabla: uzi au shingo." Urefu wa kamba ni mkono wako mmoja, basi. Asiweze kula chini, asiweze kuingiza mguu. Nilibaki naye, brashi mkononi, hata pale ambapo hakuwa na uchafu wowote uliobaki.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyonigharimu. Ndani ya lori hakuna atakayesimama naye, kwa hiyo ilibidi nimfundishe kubaki peke yake. Nikamfunga, nikazunguka kona ya banda, asinione, nikarudi mara moja. Nikamgusa bega, nikamfungua. Kesho nikakaa kidogo zaidi nyuma ya kona. Nikamnyonyesha Shamila huko, nikisikiliza kwato. Akichimba chini au akiita, sirudi. Ukirudi anapochimba umemfundisha kwamba kuchimba kunamleta mtu. Nangoja atulie, hata kwa pumzi moja, ndipo ninatokea. Kila nilipotokea masikio yake yalikuwa yameelekea kwenye kona ile. Hivyo ndivyo alivyokubali kusimama. Hakukubali nguzo, hakukubali kamba. Alikubali kwamba anayemfunga akienda, hurudi.

Jerente akaja kumpima. Akapiga makofi karibu na uso wake, akagonga ndoo, akafungua mwavuli. Bi Arusi alimtazama kama anavyotazamwa mlevi msibani, akabaki pale pale.

"Muito bem," akasema. "Atapanda. Bakari ataondoka nao."

"Na mimi?"

"Wewe una mtoto."

"Mtoto alikuwepo mgongoni kazi yote hii. Ulimwona."

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia." Na hapo akanishukuru kwa huduma yangu, kwa maneno mazuri, akanipa mkono. Hakuniuliza kama nina mama wa kunishikia mtoto, na ninaye. Hakuniuliza kama mume wangu angekubali, na angekubali. Bakari ana watoto wengi kuliko mimi na hakuna aliyewahesabu. Zeferino akavua kofia, kitu asichokifanya kwa mtu, akamwambia jerente, "Unamwacha mwalimu na kumbeba mwanafunzi." Jerente akasema gari halina nafasi. Siku zile zile mestre akarudi Mueda na bega lake, nami nikawa nimestaafu.

Lori likaja asubuhi na msafara. Padri akapanda kwanza. Bi Arusi nilimpandisha mimi, uso wazi, bila kapulana, akaingia nyuma yangu kama anaingia chumbani kwake. Nikafunga uzi wa katani kwenye pete ya chuma, nikafunga kamba, nikamwita dereva nikamwonyesha ncha inayoning'inia: hii, ukiivuta, anaachia. Nikamwambia avute nione. Akavuta. Nikafunga upya. Bakari akalikagua fundo langu kwa vidole vyake, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukaa mbele.

Nikamgusa Bi Arusi bega, nikashuka, nikazunguka nyuma ya banda. Ilibidi nizunguke pale pale ninapozungukaga kila siku, kwa sababu kama angeniona natembea kwenda getini asingetulia. Nikasimama nyuma ya kona na Shamila. Injini ikawaka. Hakuchimba, hakuita. Alisimama vizuri kuliko siku zote, na nilijua kwa nini anasimama, na nilijua sitatokea. Lori likaondoka.

Sasa nyinyi ndio mko naye. Kabrestu, si hatamu. Nguzo iliyozikwa, urefu wa jicho. Uzi wa katani. Fundo la mkono mmoja, na asiyelijua amwendee Bakari kwa heshima, afundishwe. Kila siku mfungeni, mwende asipowaona, na akitulia mrudi. Pitieni kushoto, mguseni bega, mfungueni. Hata kama hamna kazi naye siku hiyo. Na akiwa amesimama kimya, masikio yameelekea kona isiyo na mtu, msimwite wala msimgeuze. Mwacheni aangalie kwanza.